Sponji wa Kioo Hawakufufuka

Ukisoma habari za miamba ya sponji wa kioo, lazima utakutana na ile sentensi: "Walitoweka enzi za dinosaria, kumbe bado wapo!" Tamu, sivyo? Hata mimi nimewahi kuitumia mbele ya wanafunzi, wakashangaa kweli. Leo nataka tuikosoe, maana ina makosa mawili.

Kwanza, inachanganya mnyama na nyumba yake. Sponji ni mnyama, ingawa hana mdomo wala ubongo, na hawa wa kioo hujenga kiunzi chao kwa silika, madini yaleyale yanayotengeneza kioo cha dirisha. Wanasayansi walikuwa wakiwajua wakiwa hai tangu karne ya 19. Kilichojulikana kwa visukuku tu, kama vile vya Ulaya vya enzi ya Jurasiki, ni miamba mikubwa wanayoijenga. Mwaka 1987 ndipo watafiti waliokuwa wakipima sakafu ya bahari walipoigundua ikiwa hai katika Mlangobahari wa Hecate, magharibi mwa Kanada. Kwa hiyo hakuna aliyefufuka. Sisi ndio tulikuwa hatujaangalia.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi. Ukisikia "tangu enzi za dinosaria" unadhani hawa viumbe ni sugu. Jamani, ni kioo! Mwamba hukua pole pole: sponji mchanga hukaa juu ya kiunzi cha aliyekufa, tope linajaza mapengo, kizazi baada ya kizazi. Ile ya Hecate imechukua takriban miaka 9,000, na kuna sehemu inazidi mita 15 kwenda juu. Wavu wa kukokota ukipita chini mara moja, kazi hiyo inavunjika. Hata usipowagusa, tope unalolitimua linatosha kuwadhuru. Sponji hula kwa kuvuta maji na kuchuja bakteria, na maji yakichafuka, husimamisha kuvuta. Yaani anafunga mdomo asiokuwa nao, na chakula hakiingii.

Sasa angalia tarehe. Uvuvi wa kukokota ulifungwa juu ya miamba hiyo mwaka 2002, na eneo likatangazwa hifadhi ya bahari mwaka 2017. Miaka 30 baada ya kugunduliwa! Sisemi sentensi yetu tamu ndiyo iliyochelewesha. Ila haikusaidia kumwonyesha mtu haraka ilikuwa ya nini.

Kwa hiyo siku ukiwasimulia wenzako, waache dinosaria wapumzike. Anza na wavu na tope.