Mkono wa Mkutubi

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki karibu mwaka 1840 bila kuacha kitabu. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Kuelekea mwisho wa karne ile, mmisionari Mwingereza William Taylor aliyakusanya akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa mji ule. Karatasi za Taylor ziliishia London, katika maktaba ya chuo kinachojulikana leo kama SOAS. Huko ndiko William Hichens alikozikuta, akazihariri, na mwaka 1940 Diwani ya Muyaka ikachapishwa Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa mjini Nairobi uchambuzi wake mpana wa mashairi hayo, na tangu hapo hakuna mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anayempita Muyaka bila kusimama.

Anayeifuatilia safari hiyo hupata majina ya malenga, msimulizi, mkusanyaji, mhariri na mchambuzi. Kuna mmoja asiyetajwa. Ni yule aliyelipokea fungu la karatasi, akalipa namba, akaandika ndani yake mna nini, kisha akaliweka mahali ambapo mgeni angeweza kuliulizia miaka mingi baadaye na kuletewa. Huyo ni mkutubi. Vyuo vikuu hujivunia maprofesa wao, na ni haki yao, lakini kumbukumbu ya chuo imo mikononi mwa fundi huyu.

Ufundi wake huanza na kueleza kitu kwa namna ambayo mtu asiyekijua ataweza kukipata. Kwa maandishi ya pwani yetu, hilo si jambo jepesi. Tendi za zamani hazikuwa na jalada wala ukurasa wa jina. Utendi wa Tambuka hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali; anayejua jina moja tu atapita mbele ya jingine asitambue kwamba amefika. Ndiyo maana anayeorodhesha miswada ya aina hii hutazama mengi: ubeti wa kwanza unaanzaje, beti ni ngapi, aliyenakili ni nani na kwa hati gani, muswada ulitoka kwa nani. Kila kipengele ni mlango mmoja zaidi wa kuingilia.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ilipata bahati ya kazi ya namna hiyo mapema. Chuo kilizaliwa mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Haukupita muda mrefu kabla maktaba yake haijaanza kupokea miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti, na orodha yake iliyoandaliwa na J. W. T. Allen ikachapishwa Leiden mwaka 1970, mwaka uleule Mlimani ilipokuwa chuo kikuu kamili. Ukweli kwamba chuo kichanga, chenye mahitaji chungu nzima ya madarasa na mabweni, kilitenga rafu kwa ajili ya tendi za mababu unastahili kukumbukwa. Humo pia zimo karatasi za Hans Cory, Mwaustria aliyeandika sana kuhusu sheria na desturi za makabila ya Tanganyika. Mwanahistoria wa leo anayetaka kujua Wasukuma au Wahaya walivyoamua kesi za urithi wakati wa ukoloni hana budi kupita hapo.

Majina ya watu nayo yana mitego yake. Weep Not, Child ilipotoka mwaka 1964, mwandishi wake alikuwa James Ngugi. Baadaye akawa Ngũgĩ wa Thiong'o, na kwa jina hilo dunia ikamfahamu. Mkutubi huliweka jina moja kuwa la msingi, kisha huyafungamanisha mengine nalo, ili anayemtafuta Ngũgĩ apate vitabu vyote, vya kabla na vya baada. Kazi hiyo hufanyika mara moja, kimyakimya, na maelfu ya wasomaji hufaidika bila kujua kwamba kuna mtu aliyewahi kuketi akaifikiria.

Kisha kuna swali la mahali pa kukaa kitabu. Mfumo wa namba alioutoa Melvil Dewey nchini Marekani mwaka 1876 bado unatumika duniani kote, na ndani yake fasihi ya Kiswahili ina makao yake, 896.392. Hata hivyo, mfumo huo ulibeba mtazamo wa mahali ulikotoka. Katika namba za dini, Ukristo uliachiwa kuanzia 220 hadi 280 na ushei, ilhali Uislamu wote, pamoja na fiqhi, tafsiri na historia yake, ulibanwa katika namba moja, 297. Kwa maktaba ya Zanzibar au Mombasa, mpangilio huo hulazimisha nusu ya rafu kusongamana nyuma ya nukta moja. Mkutubi mwenye kuijua kazi yake huuona upendeleo uliojificha katika namba, akatafuta njia ya kuwatendea haki wasomaji wake.

Aliyeufikiria ufundi huu kwa kina kuliko wengi alikuwa mwalimu wa hisabati wa Kihindi, S. R. Ranganathan. Mwaka 1924 alipewa ukutubi wa Chuo Kikuu cha Madras bila ujuzi wowote wa kazi hiyo, akapelekwa London kujifunza. Huko, katika duka la Selfridges, aliona vipande vya chuma vya Meccano vya watoto kuchezea, namna vipande vilevile vinavyounganishwa na kuwa kitu tofauti kila mara. Wazo likamjia kwamba mada ya kitabu nayo inaweza kujengwa kwa vipande: nini, wapi, lini. Kutokana na hapo akabuni mfumo wake wa uainishaji. Mwaka 1931 alitoa kanuni 5 ambazo wakutubi husoma mpaka leo: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji ana kitabu chake, kila kitabu kina msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Kanuni ya kwanza ilikuwa na makali yake, kwa kuwa maktaba nyingi za zamani ziliona fahari kukilinda kitabu kisiguswe.

Afrika Mashariki iliamua kulea mafundi wake yenyewe. Mwaka 1963 shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere, ikawapokea vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika waliorudi kuzijenga maktaba za nchi zao. Tanzania ikaja kuwa na chuo chake cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka, Bagamoyo.

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ufundi huu huonekana kwa sura nyingine. Kitabu cha lazima kina nakala chache na darasa lina mamia. Mkutubi hukitenga kiazimwe kwa saa chache tu, kizunguke, kila mtu apate zamu. Yeye ndiye humfundisha kijana tofauti ya makala iliyopitiwa na wataalamu na ile iliyowekwa mtandaoni na yeyote, namna ya kutaja chanzo, na namna ya kuepuka kunakili kazi ya mwingine. Mhadhiri hutoa swali. Njia ya kulifikia jibu hufunzwa, mara nyingi, kwenye meza ya maktaba.

Mtafiti naye humhitaji vilevile. Chukua anayechunguza mwarobaini kama dawa ya wadudu wa nafaka. Akiandika "neem" peke yake katika kitafutio, atapata makala za Kiingereza na kuamini amemaliza. Mkutubi wa sayansi atamwambia aongeze Azadirachta indica, jina la kisayansi la mti huo. Aongeze Melia azadirachta, jina la zamani lililotumika katika maandishi ya awali. Aongeze jina la Kiswahili, kwa kuwa ripoti za mabwana shamba huenda zikawa nalo. Kisha atamwonyesha jinsi ya kuyaunganisha kwa "au", na kuyafunga kwa "na" pamoja na jina la mdudu. Utafiti mzuri umeharibika mara nyingi kwa kukosa neno moja la namna hii.

Lakini ustadi wa kutafuta hausaidii ikiwa kilichopatikana kimefungwa. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipoadimika, vyuo vingi vya Afrika vilisitisha usajili wa majarida, na rafu zikabaki na matoleo yaliyokatika ghafla. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, kwa makubaliano na wachapishaji, lilianzisha Hinari, mpango unaozipa taasisi za nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Mwaka huohuo, mwezi Februari, tamko la Budapest lilitaka jambo kubwa zaidi: makala za kitaaluma zisomwe na kila mtu, popote, bila malipo.

Tamko pekee lisingefika mbali. Walioliwekea miguu walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa maktaba. Maktaba za MIT, zikishirikiana na kampuni ya HP, zilitoa mwaka 2002 programu huria ya DSpace, ambayo chuo chochote kinaweza kuitumia kuhifadhi na kuonyesha tasnifu na makala zake. Mwaka 2003 maktaba za Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, zilianzisha DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa, ikianza na majarida 300. Hazina ya makala za fizikia iitwayo arXiv, iliyoasisiwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, ilihamia Cornell mwaka 2001 na kutunzwa na maktaba ya chuo hicho. Huko Kanada, John Willinsky na wenzake walitengeneza programu ya kuendeshea majarida, OJS, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Simon Fraser ikaja kuwa mhimili wake. Leo majarida ya Mlimani, kama Kioo cha Lugha, husomwa mtandaoni kwa programu hiyo.

Mfano wa karibu uko Morogoro. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ni pia Maktaba ya Taifa ya Kilimo, hadhi iliyopewa kisheria mwaka 1991. Zamani tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu magonjwa ya mihogo au ng'ombe wa Wamaasai ilikaa humo katika nakala mbili tatu, ikisubiri mtu atakayepanda basi kuifuata. Sasa maktaba hiyo huziweka tasnifu katika hifadhi ya mtandaoni, na ofisa ugani aliye Mbeya akiwa na simu anaweza kuzifungua. Kabla ya hapo kuna mkutubi aliyesoma muhtasari, akaandika jina la mwandishi, mwaka, idara na maneno ya msingi. Akikosea hayo, tasnifu iko wazi kwa dunia nzima na hakuna atakayeiona.

Uchapishaji huria nao umepata wafanyabiashara wake. Wachapishaji wakubwa walihamisha bili kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi; jarida la Nature lilipofungua njia hiyo mwaka 2021, ada yake ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Ni mhadhiri gani wa Dodoma au Bujumbura atakayeilipa? Pembeni yao wakaibuka matapeli wanaochapisha chochote mradi pesa imelipwa. Mkutubi hushughulika na pande zote mbili: humwonya mwandishi dhidi ya jarida la kilaghai, na huyaunga mkono majarida ya vyuo yasiyomtoza mwandishi wala msomaji. Maktaba za Chuo Kikuu cha Cape Town zimekwenda hatua zaidi, zikachapisha vitabu vizima vya kitaaluma kwa utaratibu huo.

Cape Town hiyohiyo iliikumbusha Afrika upande mwingine wa kazi hii. Tarehe 18 Aprili 2021 moto kutoka mlima wa jirani uliingia chuoni na kuiteketeza maktaba ya Jagger, pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyo wake wa vitabu kuhusu Afrika. Milango ya kuzuia moto iliokoa nyaraka nyingi zilizokuwa chini ya ardhi, na siku zilizofuata mamia ya watu wa kujitolea walijipanga kutoa makasha yaliyolowa maji. Kilichokuwa na nakala mahali pengine hakikupotea. Wazo hilo ndilo lililozaa LOCKSS, mpango ulioanzishwa na maktaba za Stanford mwaka 1999, ambao huweka nakala za majarida ya kidijitali katika maktaba nyingi kwa wakati mmoja na kuzilinganisha ili iliyoharibika irekebishwe na nzima. Kitu cha mtandaoni huharibika pia: seva huzimwa na anwani hubadilika.

Yapo yanayobaki kutendwa hapa kwetu, na hayahitaji fedha za kutisha. Jengo jipya la maktaba ya Mlimani, lililojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, limepangiwa nafasi ya vitabu 800,000. Linahitaji wakutubi wa idadi inayolingana na ukubwa huo. Halafu kuna lugha. Wanafunzi wa Kiswahili huandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili, lakini kwa kawaida mifumo ya hifadhi huzipanga mada kwa Kiingereza. Vyuo vya Dar es Salaam, Morogoro, Nairobi na Zanzibar vingeweza kukubaliana juu ya orodha moja ya vichwa vya mada kwa Kiswahili na kuiingiza katika DSpace zao, vikianza na kilimo, afya na fasihi. Siku orodha hiyo itakapokuwapo, bwana shamba atakayeandika "mwarobaini" kwenye simu yake ataletewa kila utafiti uliofanywa juu ya mti huo Morogoro, uwe umeandikwa kwa lugha yoyote.