"Sisi" ya Zamyatin na "Wale ni Sisi" ya Mkangi

Riwaya ya Yevgeny Zamyatin iitwayo My, yaani "Sisi", iliandikwa mwaka 1920 na 1921, ikatoka kwa Kiingereza mjini New York mwaka 1924, na haikuchapishwa katika Urusi ya Kisovieti hadi mwaka 1988. Wahakiki wengi hupima athari yake kwa kumtaja George Orwell, aliyeihakiki mwezi Januari 1946, kabla ya kutoa Nineteen Eighty-Four mwaka 1949. Kipimo hicho ni sahihi, lakini ni kifupi. Urithi mkubwa zaidi wa Zamyatin ni swali juu ya kiwakilishi kimoja: "sisi" ni nani, na ni nani mwenye idhini ya kulitamka neno hilo?

Katika dola ya Zamyatin watu hawana majina, wana nambari. Wanaishi katika nyumba za vioo, wanafuata jedwali moja la saa, na ukuta unawatenga na mwitu. Mhandisi D-503 anaunda chombo cha anga cha kupeleka utiifu huo katika sayari nyingine. Msiba wake unaanza anapojitambua kuwa "mimi". Dola inamtibu kwa kumng'oa uwezo wa kubuni.

Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Dzombo, mhusika wake mkuu, naye anapaa katika chombo cha anga, ila yeye ni mhukumiwa, na anatua katika nchi ya usawa ambayo jina lake ni sentensi nzima: wale ni sisi. Si lazima kumfanya Mkangi mwanafunzi wa Zamyatin ili kuiona maana ya mlingano huu. "Sisi" ya Zamyatin imekwisha kufungwa, na aliye nje ya ukuta ni adui au malighafi. Ya Mkangi inaanzia kwa "wale", na umoja wake unapatikana kwa kumtambua mwingine.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Huko Kilungu, katika milima ya Ukambani, matuta ya mashamba yanaeleza historia ya "sisi" mbili. Mwethya ulikuwa ushirika wa majirani, waliosaidiana kwa hiari. Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu kuchimba matuta katika miaka ya 1940, kazi ya pamoja iligeuka shokoa, na watu wakaichukia. Vikundi viliporudishiwa hiari na viongozi wa kuwachagua wenyewe katika miaka ya 1950, matuta yaliongezeka. Jembe lilikuwa lile lile, na mlima ule ule. Kilichobadilika ni mwenye kusema "sisi".

Hapa ndipo Zamyatin anapomsaidia mhakiki wa Walenisi. Mkangi anaieleza jamii yake njema kwa mapana, na mara nyingi maelezo yanayalemea matendo. Msomaji anafahamishwa jinsi usawa unavyoendeshwa kuliko anavyouona ukijaribiwa. Swali la kuulizwa, basi, ni hili: mwenyeji wa Walenisi anayesema "mimi sikubali" anafanywa nini? Riwaya ya Kiswahili inayotaka kujenga nchi njema haiwezi kulikwepa swali hilo kwa kuwa nia yake ni safi. Dola ya D-503 nayo ilijiita njema.