Ari ya kilomita 200 kwa wiki: Kaptagat walivyoipanga

Kambi ya Kaptagat, nje kidogo ya Eldoret, iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo Eliud Kipchoge, chini ya kocha Patrick Sang, alipozoea kukimbia kilomita 200 hadi 220 kwa wiki tangu alipoingia kwenye marathoni mwaka 2013. Huo ni umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na zaidi, kila wiki, kwa miguu. Wachambuzi wengi wameandika juu ya kasi yake, viatu vyake na muda wa 2:01:09 alioupata Berlin mwaka 2022. Kinachonivutia mimi ni kwamba hakuyachoka mazoezi yenyewe. Watu wenye vipaji wapo wengi Bonde la Ufa. Wanaoweza kurudia juma lilelile miaka kumi mfululizo ni wachache.

Jibu linalozoeleka ni nidhamu, na Kipchoge mwenyewe hulihubiri bila kuchoka. Sina ugomvi nalo, ila halielezi kitu. Ukiichambua ratiba ya Kaptagat utaona imepangwa na mtu anayejua kwamba nidhamu ya mtu mmoja huisha. Sang alishinda medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, kwa hiyo uchovu wa mazoezi anaujua kwa mwili wake. Alichofanya ni kuipunguzia ari kazi. Maamuzi ambayo mkimbiaji wa kawaida huyafanya kila alfajiri, pale kambini yalishafanywa zamani.

Anza na juma lenyewe. Lina siku tatu tu za kuogopwa. Jumanne ni ya uwanjani, kurudia vipande vya mita mia kadhaa hadi elfu na ushei kwa kasi kali. Alhamisi ni mbio ndefu, kilomita 30 wiki hii na 40 wiki ijayo. Jumamosi ni ya kubadilisha kasi barabarani, kwa mfano dakika 3 za nguvu na 1 ya kuvuta pumzi, mara kumi na zaidi. Siku nyingine zote ni mwendo wa taratibu, mara nyingi asubuhi na tena alasiri. Mkimbiaji akiamka Jumatano hana cha kujadiliana na nafsi yake: kazi ngumu ilikuwa jana, nyingine ni kesho, na leo anatakiwa kutoka tu. Hofu imefungiwa ndani ya asubuhi tatu. Anayekimbia kila siku kwa bidii ya kati, si polepole si kwa kasi, huibeba hofu hiyo siku zote saba, na ndiye ninayemwona akiacha mazoezi mapema.

Huo mwendo wa taratibu ni wa taratibu kweli. Kundi huondoka getini karibu saa kumi na mbili asubuhi likijikokota, kilomita za kwanza zikichukua dakika 5 au zaidi kila moja, kisha miili inapopata joto kasi hupanda yenyewe hadi karibu dakika 4. Sasa piga hesabu. Kasi ya Kipchoge ya Berlin ilikuwa dakika 2 na sekunde 52 kwa kilomita. Akikimbia mazoezini kwa dakika 4 na nusu, anatumia muda mara moja na nusu na zaidi kidogo ya ule wa siku ya mashindano. Mtu wa marathoni ya saa 4 hukimbia kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41. Kwa uwiano uleule, siku yake nyepesi ingekuwa karibu dakika 9 kwa kilomita, mwendo ambao mama mwenye haraka ya kuwahi soko anaweza kumpita. Simwambii mtu ashuke hadi huko, kwa sababu uwiano huo hauhami sawasawa kutoka kwa bingwa hadi kwa sisi wengine. Dakika 7 zinamtosha. Lakini hesabu inaonyesha jinsi wengi wetu tunavyojichosha siku ambayo haikuhitaji kuchosha.

Mwili nao haulalamiki kwa kupewa mwendo wa polepole. Saa nyingi za mwendo mwepesi huongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli, huongeza mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nguvu kwa kutumia oksijeni, na huuzoesha mwili kuchoma mafuta ili akiba ya wanga isiishe mapema. Faida hizi hufuata zaidi muda uliokaa barabarani kuliko jinsi ulivyohema. Waliosoma shule za Tanzania walilifanya jambo hili bila kufundishwa fiziolojia: mchakamchaka unakwenda kwa wimbo, na anayeweza kuitikia wimbo hajavuka mpaka wa mwendo mwepesi. Kipimo hicho bado ni kizuri kuliko saa nyingi za mkononi.

Halafu kuna kundi. Kambini watu huingia Jumatatu na kutoka Jumamosi, familia zikibaki nyumbani, hata ya Kipchoge mwenyewe ambayo iko Eldoret, mwendo mfupi wa gari. Kazi za usafi zina zamu, na Kipchoge ameonekana mara nyingi akisugua vyoo kama wenzake. Wageni huipenda picha hiyo kwa sababu ya unyenyekevu. Mimi naiona kama sehemu ya mazoezi. Aliye na zamu ana watu wanaomtegemea, na aliye na watu wanaomngoja getini halazimiki kujiuliza kama ana hamu. Upepo wa mbele unagawanywa, mazungumzo yanakula kilomita, na siku mmoja akiwa mzito, mgongo wa mwenzake unamvuta.

Tangu mwaka 2003 Kipchoge pia ameandika mazoezi yake kwenye madaftari, kwa kalamu. Na amesema wazi kwamba mazoezini hafiki mwisho wa nguvu zake, anaishia kama asilimia 80. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Daftari linamwonyesha kilomita zilizolimbikizwa, kwa hiyo hahitaji kila zoezi limthibitishie kwamba yuko fiti. Anayemaliza zoezi akiwa na akiba ya nguvu hurudi kesho bila kusukumwa.

Ipo njia nyingine, na haikuwa dhaifu. Mkimbiaji mwingine wa Kenya, Kelvin Kiptum, kwa maelezo ya kocha wake Mnyarwanda Gervais Hakizimana mwaka 2023, alikuwa akikimbia kilomita 250 hadi 280 kwa wiki, wakati mwingine kupita 300, bila siku maalumu ya kupumzika, alipumzika alipochoka. Alikimbia marathoni tatu tu maishani, zote chini ya saa 2 na dakika 2, ya mwisho ikiwa ya Chicago Oktoba 2023 kwa 2:00:35, akiweka rekodi ya dunia. Hapo ari ilikuwa ya kijana mmoja mwenye njaa isiyo ya kawaida, na kocha ndiye aliyeshika breki, akisema hadharani kwamba kwa mzigo ule angemalizika ndani ya miaka mitano. Ajali ya gari ya Februari 2024 iliwaua wote wawili. Kwa upande wa Kipchoge, alitoka njiani kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, lakini Aprili 2025, akiwa na miaka 40, alikuwa tena London na kumaliza wa sita. Miguu ilikuwa imeshaanza kudai umri. Hamu ya kuamka bado ilikuwepo.

Mfanyakazi wa Dar anayejiandaa kwa mbio za Moshi mwishoni mwa Februari, akipambana na joto la Januari na foleni ya jioni, hawezi kuiga kilomita 200. Anachokosa zaidi ni usingizi wa mchana, ule ambao wana kambi huupata kati ya mbio ya asubuhi na ya alasiri. Kwake kilomita 60 au 70 ni mzigo mkubwa wa kutosha. Siku ngumu ziwe mbili, zisiguswe wala kuhamishwa kwa sababu jana mwili ulijisikia vizuri. Siku nyepesi apatane na mtu, mahali na saa. Vikundi vya jogging vya mitaani vinafaa sana, mradi asiende navyo siku ambayo wanashindana. Kila wiki ya nne apunguze kilomita kama robo, aandike kwenye daftari kama alivyoandika nyingine, na asijaribu kuzifidia wiki inayofuata.