Pale Kinanda Kinaponyamaza

Mwalimu wa kwaya mzoefu akiletewa nakala mpya ya "Haleluya" ya Handel, iliyopangwa kwa kwaya na kinanda cha mabomba, huanzia ukurasa wa mwisho. Anatafuta kimya. Katika Messiah, oratorio ambayo Handel aliitunga mwaka 1741, waimbaji, nyuzi, tarumbeta na ngoma hukatika pamoja kabla tu ya Haleluya ya mwisho, na msikilizaji hubaki ananing'inia.

Mpangaji hafifu huliogopa pengo hilo. Humwacha mpiga kinanda na mguu kwenye pedali, besi ikivuma chini kwa chini, na kile kimya kinakwenda na maji. Mpangaji stadi huandika alama za kimya kwa mikono yote miwili na kwa miguu pia, maana bomba la kinanda haliishiwi pumzi: kibao kikikandamizwa, sauti haififii.

Tabia hiyohiyo ndiyo inayoziumbua nakala zilizohamishwa kutoka piano bila kuguswa. Sauti ya piano hufa upesi, kwa hiyo nakala hizo hujaza mkono wa kushoto mitetemo ya noti mbili. Kwenye kinanda mitetemo hiyo ni uji mtupu. Mtihani mzuri ni Elijah ya Mendelssohn, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Birmingham mwaka 1846. Katika wimbo wa kwaya unaofuata utatu wa malaika, yaani wimbo wa sauti tatu, nyuzi hupiga noti tatu tatu bila kukoma. Mpangaji mwenye akili hushikilia sauti za juu na chini, akaacha moja ya katikati itembee kwa tatu tatu. Na utatu wenyewe? Mendelssohn aliuandika uimbwe bila chombo chochote. Kama kinanda kimeandikwa chini yake, na hakuna maelezo kuwa ni kwa mazoezi tu, nakala irudi dukani.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kinanda kinapaswa kung'ang'ania. Katikati ya "Haleluya", soprano na alto hushika noti ndefu, kisha soprano hupanda ngazi kwa ngazi huku wengine wakijibu. Maneno ya Kiingereza hapo ni mafupi. Kwaya ya Tanzania au Kenya ikiimba kwa Kiswahili, noti hiyo hukatwakatwa ili silabi zote zienee, na ule mnara huporomoka. Mpangaji mwenye sikio hukipa kinanda noti ndefu ileile, kwa sauti nyembamba ya tarumbeta, usawa wa soprano. Akiipandisha juu zaidi, amewafunika.

Wanakwaya wengi wa huku husoma noti za herufi: d, r, m. Mpiga kinanda husoma mistari mitano. Nakala hizo mbili zisipokuwa na nambari zilezile za vipimo, jioni nzima ya mazoezi huishia kwenye kuulizana "tumefika wapi?"

Itazamwe pia kona ya chini ya kila ukurasa wa kulia, pale unapofunuliwa. Ukiishia katikati ya noti za mbio, mikono na miguu vyote vikiwa kazini, mpangaji huyo hajawahi kukalia kile kiti.