Mumiani na Mzuka katika Hadithi Zisomwazo kwa Sauti

Hadithi ya kutisha isomwayo kwa sauti haimpi msikilizaji nafasi ya kufungua kamusi. Neno likimpotosha, limekwisha kumpotosha. Kwa hiyo hatuungi mkono kumwita Dracula, yule mfu anyonyaye damu katika riwaya ya Bram Stoker (1897), kwa jina la “mumiani”. Mumiani kwa asili ni dawa nyeusi mfano wa lami. Baadaye watu waliamini kuwa hutengenezwa kwa damu ya binadamu, na jina likawaangukia walioshukiwa kuikinga damu hiyo. Enzi za ukoloni hata wazima moto walituhumiwa. Huyo basi si mfu, ni mtu hai mwenye mshahara wake. Hadithi hiyo ikisomwa Kisongo, nje kidogo ya Arusha, mbele ya wasikilizaji ambao wengi wao walianza na Kimaasai kabla ya Kiswahili, hofu ya kubuni yaweza kugeuka tuhuma juu ya mgeni apitaye barabarani. “Mfu mnyonya damu” ni jina refu, lakini sikio hulipokea mara moja.

“Mzimu” nao una taabu yake. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), riwaya ya Muhammed Said Abdulla, mzimu ni mahali. Mfasiri aandikapo kuwa mzimu uliingia chumbani, mzee ajuaye matambiko atauliza, na ana haki, mahali huingiaje chumbani. Neno “mzuka” tunalo tayari, kutokana na kuzuka.