Mvuta Tela wa Singe

Magunia manne yanashushwa kutoka nyuma ya tela na kupangwa upya mbele. Vijana wa kupakia wananuna, maana kamba zilishafungwa na chai inawangoja, lakini mzee mwenye gari hashughuliki na nyuso zao. Anapanda kwa mguu mmoja pale tela linaposhikana na pikapu, anauachia uzito wake taratibu, anatazama jinsi springi za nyuma za Land Cruiser zinavyolala na kuinuka. Kisha anaagiza gunia la tano. Ni alfajiri katika kata ya Singe, mjini Babati, msimu wa mbaazi, na mzigo unakwenda Arusha, kilomita zipatazo 170.

"Mnapakia kwa macho," anawaambia. "Tela halipakiwi kwa macho, wanangu."

Mguu ule ndio mizani yake. Wataalamu wa magari wanashauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela iegemee gari linalovuta. Kwa tela la tani moja na nusu hizo ni kilo 150 hadi 225. Mzee hajawahi kuzipima kwa kilo, ila anazijua kwa soli ya kiatu. Mzigo ukirudi nyuma mno, tela hucheza mkia. Mwanzoni hucheza kidogo, dereva akadhani ni upepo wa basi lililompita, lakini kila anapoongeza mwendo linayumba zaidi, hadi linamnyang'anya usukani. Mzigo ukizidi mbele, springi za nyuma zinakaa chini, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi mno na taa zinamulika matawi ya miti badala ya barabara. Kati ya makosa hayo mawili pana nafasi finyu, na yeye huitafuta kwa kuhamisha gunia mojamoja huku Mlima Kwaraa ukianza kuonekana.

Akiridhika hapo anazunguka na geji ya upepo. Anapima matairi yote sita yakiwa bado baridi, kwa sababu yakishapata moto geji hudanganya. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kujinyoosha katika kila mzunguko, na kazi hiyo hulipiwa kwa dizeli. Turubai analivuta mpaka linakaza kama ngozi ya ngoma. Hataki pembe hata moja ibaki ikipigapiga, wala gunia lichomoze juu ya paa la kebini. Anajaribu pia breki za tela, zile zinazojibana zenyewe tela linapolisukuma gari kwa nyuma, kwa kuvuta hatua chache na kusimama ghafla uani.

Nusu ya ufundi wa safari imeshamalizika, na gari halijafika barabarani.

Barabarani kwenyewe ufundi wake ni mgumu kuuona, kwa sababu unafanana na kutofanya lolote. Mzee hutembea kilomita 70 kwa saa, hata pale lami inapolala wazi na mabasi yakampita kwa honi. Abiria wanaopewa lifti hukosa subira. Wengi huamini kwamba kinachokula mafuta ya mvuta tela ni uzito, kwa hiyo, mzigo ukishakuwa mgongoni, ya nini kujichelewesha? Wamekosea mahali penyewe. Kuinua tani mbili hadi kimo cha mita 500 kunadai karibu lita moja tu ya dizeli, ukihesabu kwamba injini hugeuza takriban asilimia 30 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Lita moja kwa mlima wa nusu kilomita si wizi. Mwizi ni upepo. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, maana yake dereva anayetoka 70 akaenda 100 amejiongezea msukumo wa upepo maradufu, na ataubeba kila mita ya safari, mlimani na tambarare.

Na anachokinunua kwa mafuta hayo ni kidogo. Kwenye karatasi, kilomita 170 kwa mwendo wa 100 badala ya 70 zinaokoa dakika zisizofika 45. Kisha anakutana na Magugu, Minjingu, Makuyuni, na kila mahali penye makazi sheria inamtaka ashuke hadi 50. Dakika zinayeyuka zikiwa zimeshalipiwa.

Injini yenyewe inasaidia kumfundisha mtu adabu. Ni ile ambayo mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua kwa jina lake la kiwandani, 1HZ: silinda sita, lita 4.2, dizeli, bila turbo, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990. Nguvu yake ya kuvuta hufika kileleni kwenye mizunguko 2,200 hivi kwa dakika. Zaidi ya hapo kelele inaongezeka kuliko kazi. Tena Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Pikapu iliyozoea Tanga huamka Babati ikiwa imepungukiwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Anayejua hilo hakanyagi zaidi. Anashuka gia mapema, kabla mlima haujamlazimisha, na anaitunza ile mizunguko 2,200 kwa sikio. Moshi mweusi ukionekana kwenye kioo cha pembeni, mguu unarudi juu, kwa sababu moshi ule ni dizeli iliyolipiwa bila kuungua ikaisha.

Kushuka ndiko kunakomtofautisha fundi na dereva wa kawaida. Kwenye mteremko wa kuelekea Magugu madereva wengi huweka gari huru na kuliacha libiringike, wakiamini wanaweka akiba. Mzee hubaki kwenye gia. Gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, pampu hufunga dizeli kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwekwa huru, injini inahitaji mafuta ili isizimike. Aliye huru anatumia zaidi, na juu ya hapo amezitwika breki mzigo wote, breki ambazo zikipata moto huacha kushika. Watu wamekufa kwenye miteremko ya nchi hii kwa ajili ya akiba ambayo haikuwepo.

Ufundi huu haukuwa wa magunia peke yake. Kampuni za utalii za Arusha zimezoea kupeleka kambi za kuhama kwa njia hiyohiyo, pikapu mbele na nyuma tela lenye mahema, jiko, vitanda na maji. Babati iko kwenye ile barabara kuu ya zamani inayoifuata Afrika kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo hupita pia wasafiri wa mbali, wengine kutoka Afrika Kusini, wakivuta karavani zao za kulala. Karavani ndiyo mtihani wa kweli. Haina uzito wa mbaazi, lakini uso wake umesimama wima juu ya paa la pikapu na kuupiga upepo kifua. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita likiwa tupu hushuka hadi 6 au 7 likivuta karavani ndefu, na mwenye haraka hushuka chini ya hapo. Msafiri mwenye busara hupunguza kimo chake kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana yapo matela ya kambi ambayo hema lake hujikunja na kulala bapa, yakajificha nyuma ya pikapu.

Wapo waliojifunza hayo kwa shida. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na bei za mafuta kupanda duniani, mafuta yalikuwa adimu Tanzania kiasi kwamba magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Dereva wa enzi hizo aliondoka akijua kwamba kituo cha mbele huenda kimekauka. Utingo alikaa pembeni yake miaka, akifunga turubai, akipima upepo, akisikiliza gia zinavyobadilishwa, kabla ya kuruhusiwa kugusa usukani. Hakuna aliyeliita hilo darasa. Lakini alipoketi kwenye kiti cha dereva, masikio yake yalikuwa yamekwisha kuhitimu.

Kisha ikaja lami. Aprili 2018 Rais John Magufuli alizindua barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, na watu waliokuwa wakilala njiani wakati wa masika walishukuru kwa haki. Lami inapunguza kazi ya gurudumu, hivyo mvuta tela alipaswa kutumia mafuta kidogo kuliko enzi za vumbi. Angeweza. Ila barabara ilipofunguka mguu nao ulifunguka, na akiba ya lami ikageuzwa kuwa spidi.

Zikaja na pikapu mpya. Nyingi za tani moja zinazouzwa leo zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 tela likiwa na breki zake. Land Cruiser mpya ya lita 2.8 iliyotangazwa mwaka 2023, yenye turbo na gia zinazojibadilisha zenyewe, ina nguvu ya kuvuta niutoni-mita 500, ilhali 1HZ ina 285. Ni mashine nzuri, na kijana akiendeshwa na busara atapata kwayo matumizi ambayo mzee hakuyaota. Shida ni kwamba nguvu hiyo inaficha makosa. Tela lililopakiwa vibaya lilikuwa likimlalamikia dereva wa 1HZ tangu kilima cha kwanza. Leo halisemi kitu mpaka 110. Mguu haukanyagi tena pale linapounganika. Geji ya upepo inakaa kituo cha mafuta, na wengi hawaiombi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta, na siku hiyo vijiwe vya Babati hujaa manung'uniko ya haki kuhusu shilingi. Kuhusu mwendo, ambao mwenye gari anautawala kwa kidole gumba cha mguu, hakuna anayenung'unika.

Inauma kwa sababu ujuzi huu haugharimu kitu. Hauhitaji kipuri kutoka Japani wala chuo kipya. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kipo Babati. Siku moja ya tela lililopakiwa vibaya kwa makusudi, kisha likapakiwa vizuri, ingetosha kumfanya kijana asisahau maisha yake yote. Wenye kuujua bado wapo, ila wanazeeka, na viti vya pembeni yao vimekaliwa na mizigo. Utingo wa leo hana miaka ya kusubiri. Bodaboda inamlipa kesho.

Mzee wa Singe alikuwa naye mmoja aliyesubiri. Yule kijana sasa anavuta matela ya kambi kwa pikapu mpya, na siku moja alipiga simu kutoka njiani kuuliza kwa nini tela linamyumbisha akipita 100. Mzee alimuuliza tangi la maji liko wapi. Liko nyuma, babu, na limejaa. Akaambiwa asimame, amwage nusu ya maji, ahamishie mbele vyombo vizito, kisha asivuke 80 hata akipigiwa honi. Kijana alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, akajibu kwamba wageni wameshafika Tarangire na bosi anataka mahema yawe yamesimama kabla ya chakula cha mchana.