Uzito Kwanza: Ufundi wa Kuandaa Matrekta Makuukuu ya Bustani kwa Kusukuma Theluji

Trekta la bustani ni mashine ya magurudumu manne, kubwa kuliko mashine ya kawaida ya kukata nyasi na ndogo kuliko trekta la shamba. Lilibuniwa Marekani kwa ajili ya wenye nyumba za vitongojini na viwanja vya nyasi visivyokatika kwa mashine ya kusukuma kwa mkono. Miaka yake ya fahari ilikuwa ya 1960 na 1970. Cecil Pond alianzisha Wheel Horse huko South Bend, Indiana, mwaka 1946. International Harvester wakaleta Cub Cadet mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1963 John Deere wakaingia na modeli 110 iliyoundwa Horicon, Wisconsin. Bolens na Simplicity walikuwa majirani katika mji wa Port Washington, jimbo hilohilo la Wisconsin.

Vingi vya viwanda hivyo vilikuwa karibu na Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, na hilo lina maana yake. Upepo wa baridi kali ukivuka maziwa ambayo maji yake hayajaganda, huzoa mvuke na kuumwaga ng'ambo kama theluji. Mnamo Novemba 2022, Orchard Park, nje kidogo ya jiji la Buffalo, New York, ilifunikwa na theluji ya takribani mita mbili kwa siku chache tu. South Bend nayo hupata sehemu yake kutoka Ziwa Michigan. Wabunifu wa mashine hizi waliiona theluji ikirundikana kwenye milango yao wenyewe, na haishangazi kwamba bledi ya kusukumia theluji ilikuwa miongoni mwa vifaa ambavyo wateja wangeweza kununua pamoja na trekta.

Leo matrekta hayo yana umri wa nusu karne na zaidi, na bado yanafanya kazi. Yamedumu kwa sababu yalitengenezwa kwa chuma kizito. Injini za Kohler za mfululizo wa K, zilizowekwa kwenye chapa nyingi, zina silinda moja na bloku ya chuma cha kusubu. K301, kwa mfano, ina ujazo wa sentimita za ujazo 476 na nguvu za farasi 12, kiasi kidogo kwa mtu aliyezoea takwimu za magari. Gia boksi ni la chuma, ekseli ni nene, na fremu imekunjwa kwa bati ambalo kiwanda cha leo kingeona ni ubadhirifu. Matrekta mengi ya kundi hili yana uzito wa kati ya kilo 250 na 400, na uzito huo ndio mtaji wa kazi yote inayofuata.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Njia ya gari yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 4, ikipata theluji ya sentimita 20, imebeba mita za ujazo 16. Theluji kavu, ile ya baridi kali, hapo itakuwa na uzito wa tani moja na nusu hivi. Ile chepechepe ya mwisho wa msimu inaweza kufika tani nne. Trekta likishindwa kuisukuma, injini kwa kawaida huwa bado inanguruma bila taabu. Kinachoshindwa ni magurudumu ya nyuma, yanayozunguka palepale na kung'arisha barafu chini yake. Anayekimbilia injini kubwa zaidi anatibu kiungo kisichouma. Ufundi wenyewe umo katika kulifanya trekta lishike ardhi.

Kazi huanza na bledi. Zilizozoeleka zina upana wa sentimita 107, 122 au 137. Aliyewahi kuona greda likisawazisha barabara ya changarawe anaifahamu tayari tabia yake: kipande cha chuma kilichopinda, kinachoweza kuelekezwa kushoto au kulia ili mzigo uteleze pembeni badala ya kurundikana mbele. Bledi ya sentimita 122 ikigeuzwa nyuzi 30, njia inayosafishwa hubaki na upana wa sentimita 106 hivi. Kwa hiyo anayepima bledi kwa kuangalia kama inazidi upana wa magurudumu apime ikiwa imegeuzwa. Bledi pana mno ni kosa la kawaida. Huonekana ya kuvutia ikiwa imesimama bandani, kisha theluji nzito ya kwanza hulisukuma trekta jepesi kando kama vile mwendeshaji hayupo.

Nyuma ya bledi kuna springi mbili, na hapo ndipo fundi mzuri hutambulikana. Njia ya zege ina maungio, na baridi huyainua maungio hayo kutoka chini. Ukingo wa bledi ukigonga ungio lililoinuka, springi hunyooka, bledi huinama mbele, hupita juu ya kikwazo, kisha hurudi mahali pake kwa kishindo. Yote hayo huchukua muda usiozidi kupepesa jicho. Springi zikilegea mno, bledi itainama kila inapokutana na theluji nzito na kuacha nusu yake chini. Zikikazwa mno, hazitainama kabisa, na kishindo chote kitaishia kwenye fremu, kwenye pini za kuunganishia na kwenye mbavu za mwendeshaji. Marekebisho hufanywa kwa bolti ndefu zenye nati mbilimbili, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na hakuna kipimo cha kitabuni kinachozidi jaribio la kuisukuma bledi taratibu dhidi ya kitu kigumu.

Ukingo wa chini wa bledi ni kipande cha pekee kilichofungwa kwa bolti ili kikilika kibadilishwe. Wengi hukisahau mpaka bledi yenyewe inaanza kuliwa. Pembeni kuna visahani vya kuteleza, ambavyo huushikilia ukingo juu ya ardhi. Juu ya zege au lami huondolewa au huinuliwa kabisa. Juu ya changarawe hushushwa ili ukingo upite sentimita moja au mbili juu ya mawe, la sivyo majira ya kuchipua yatakuta changarawe yote ya njia imelala kwenye nyasi. Wapo wanaochukua bomba la plastiki, wakalipasua kwa urefu na kulivisha kwenye ukingo wa bledi. Bomba hilo huelea juu ya kokoto na halizikwangui. Ni mbinu ya gharama ndogo, na inafanya kazi vizuri kuliko visahani vingi vya dukani.

Baada ya bledi huja suala la mshiko. Bledi inaning'inia mbele, na ikiinuliwa huegemeza trekta mbele na kuyapunguzia mzigo magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma. Uzito wa nyuma lazima ulipie deni hilo. Njia ya kwanza ni vyuma vya duara vinavyofungwa kwenye rimu. Ya pili ni sanduku la nyuma lililojazwa mchanga au vipande vya chuma. Ya tatu, inayowagawa mafundi kuliko zote, ni kujaza majimaji ndani ya matairi.

Katika nchi isiyo na baridi ya kugandisha, mwenye trekta anayetaka uzito tairini anaweza kutia maji ya bomba, na mambo yakaisha. Wisconsin au Maine, maji hayo yangekuwa jiwe la barafu kufikia Desemba. Kloridi ya kalsiamu iliyoyeyushwa majini haigandi kwa urahisi na ni nzito, lakini hula rimu za chuma kimyakimya, na rimu nyingi za zamani zimetobolewa nayo. Maji ya kuoshea vioo vya magari ni rahisi na hayaozeshi chuma, ila ni mepesi kidogo kuliko maji ya kawaida. Dawa ya rejeta yenye ethilini glikoli ni sumu, na utamu wake huwavuta mbwa. Tairi likitoboka uani, mnyama wa jirani anaweza kufa. Juisi ya viazisukari, mabaki ya viwanda vya sukari, ni nzito kuliko maji kwa zaidi ya robo, haina sumu wala kutu, na ubaya wake ni bei. Kwa trekta la nyumbani lenye watoto na mifugo karibu, hiyo ndiyo chaguo la busara. Tairi hujazwa likiwa na valvu juu kabisa, mpaka majimaji yafike usawa wa valvu, yaani karibu robo tatu. Hewa inayobaki ndiyo inayoliachia tairi kubonyea kidogo.

Kisha minyororo. Matairi ya nyasi yenye mikato midogo huonekana hayafai, lakini yakivishwa minyororo huyashinda matairi ya meno marefu ya shambani, ambayo juu ya barafu husimama kwenye ncha chache tu za mpira. Minyororo mizuri ina kamba za kukatiza kila baada ya viungo viwili. Ile ya kila viungo vinne ni rahisi kununua, lakini tairi huangukia kwenye mapengo, trekta likayumba na kuteleza kwa zamu. Ikishafungwa, trekta huendeshwa dakika chache, kisha minyororo hukazwa upya, kwa maana daima hulegea. Aliyeruka hatua hiyo huisikia ikipiga bati la matope, na kwa kawaida huisikia usiku.

Injini nayo ina mahitaji yake, ingawa ni machache. Kohler ya mfululizo wa K haina pampu ya oili: kijiko kidogo chini ya konrodi huchota oili na kuirusha kila mahali. Oili nzito ya kiangazi, ikiganda kama uji, hairushwi vizuri, kwa hiyo hubadilishwa kwa nyepesi kabla ya baridi. Betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya uwezo wake joto likishuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, na betri isiyo na chaji huweza kuganda na kupasuka. Waya wa ethi ulioshika kutu huwalaza mafundi wengi macho kuliko stata mbovu. Petroli iwe mpya, na kabureta iwe safi, kwani petroli yenye ethanoli iliyokaa tangu msimu wa nyasi huwa imekwisha kunyonya unyevu.

Adui asiyeonekana yuko kwenye gia boksi. Chuma kinachopata joto na baridi kwa zamu hutoa jasho kwa ndani, na baada ya miaka maji hukusanyika chini ya oili. Kiangazi hayana kelele. Usiku wa baridi huganda, na asubuhi gia hazizunguki. Ukaguzi wake hufanywa wakati wa vuli: trekta likilala usiku mzima bila kuguswa, kizibo cha chini hulegezwa taratibu. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, hutoka kwanza. Ikitoka oili ya rangi ya chai yenye maziwa, imekwisha kuchanganyika na inafaa kumwagwa yote. Matrekta yenye gia boksi la haidroli, kama John Deere 140 lililotoka mwaka 1968, huwekewa oili na filta safi na kuachwa yapate moto kabla ya kupewa mzigo. Malipo yake ni kwenda mbele na kurudi nyuma bila kukanyaga klachi, raha kubwa kwa kazi ya mamia ya miondoko mifupi.

Kazi yenyewe ina kanuni zake. Kabla ardhi haijaganda, vijiti vya rangi kali huchomekwa kando ya njia, kwa sababu theluji hufuta mipaka na bledi haibagui nyasi na lami. Bledi hupakwa nta ili theluji chepechepe isigande juu yake. Dhoruba haisubiriwi iishe: sentimita kumi na mbili zikisukumwa mara tatu ni kazi nyepesi kuliko thelathini na sita kwa mpigo. Mkato wa kwanza hupita katikati, kisha theluji hupelekwa pembeni, na ile ya mwanzo wa msimu husukumwa mbali sana, mbali kuliko inavyoonekana kuna haja. Kingo zilizoganda Desemba hazisogei tena, na anayeziacha karibu hujikuta Februari akiwa na njia isiyopitisha gari. Mahali pagumu zaidi ni mdomoni mwa njia, ambapo greda la jiji huacha tuta la theluji iliyoshindiliwa na kuchanganyika na chumvi. Hilo hukatwa kwa vipande vidogo kutoka pembeni. Kuivusha theluji hadi upande wa pili wa barabara ni kosa kisheria katika majimbo mengi. Katika miji kama Buffalo au Portland ya Maine, ambako familia kutoka Kongo na Burundi huzungumza Kiswahili chao huku wakishika beleshi, hilo ni miongoni mwa mambo ambayo jirani mwema humwambia mgeni mapema.

Kazi ikiisha, bledi hushushwa juu ya vipande viwili vya ubao ili isigande na sakafu ya banda. Theluji iliyobaki kwenye fremu na kwenye nyaya za klachi na breki hupanguswa kabla haijageuka barafu, petroli hufungwa na kabureta kuachwa imalize iliyomo. Majira ya kuchipua yakifika, chumvi huoshwa kwa maji mengi, pini za bledi na za magurudumu ya mbele hupigwa grisi, minyororo huvuliwa na kutundikwa ikiwa imepakwa oili, na ukingo wa bledi hupimwa kama utafaa kwa msimu mwingine au ugeuzwe, maana nyingi zina pande mbili za kutumia.